Kumpokea Mfanyakazi Mpya Asiye na Ofisi: Tunavyofanya Kitui na Makueni

Mfanyakazi mpya anayefanya kazi akiwa kwao Mutomo haachi kazi kwa kishindo. Kwanza hunyamaza. Kwenye kundi la WhatsApp anajibu "sawa" kwa kila ujumbe, kwenye kikao cha asubuhi kamera yake imezimwa, na ukimuuliza kama ana swali anasema hana. Wiki chache baadaye unapata ujumbe usiku: "Madam, asante kwa nafasi, lakini nimepata shughuli nyingine." Mara nyingi hiyo shughuli nyingine haipo. Alikwama mahali padogo, akaona haya kuuliza, siku zikasonga, na kila siku iliyopita ikalifanya swali lile lile liwe zito zaidi.

Ninasimamia timu ya watu wanaozungumza na wakulima kwa simu. Wanawapigia wakulima wa ndengu, maembe na mtama, wanachukua taarifa za mvua, wadudu na bei, wanaziingiza kwenye mfumo, kisha wanawarudishia wakulima ushauri kwa Kikamba na Kiswahili. Ofisi ya pamoja hatuna. Mmoja yuko Kyuso, mwingine Zombe, mwingine Kikima kule milimani Mbooni, wengine Kibwezi na Mtito Andei. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwapokea wapya, na nimefikia msimamo ambao siwezi kuuacha: mtu anayefanya kazi mbali na wenzake hudumu akijua ni nani wa kumuuliza, na akiwa na hakika kwamba kuuliza hakumpunguzii heshima. Vifaa, mafunzo na mikataba vina nafasi yake, lakini vyote hutumikia jambo hilo.

Kabla ya siku ya kwanza

Tunaanza na mtandao na stima. Mji wa Wote, mji wa Kitui, Mwingi, na vituo vya kando ya barabara kuu ya Mombasa kama Emali, Makindu na Kibwezi vina mtandao wa kutegemewa. Ukiondoka huko kuelekea Tseikuru au Ikutha, au ukiteremkia mabonde ya Kilungu, mambo hutegemea uko upande gani wa mlima. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote tunamwomba mtu akae pale pale atakapokuwa akifanyia kazi, si pale penye mawimbi bora, atupigie simu asubuhi, mchana na jioni, kwa laini ya Safaricom na kwa ya Airtel. Mwenzetu mmoja wa Nunguni alisikika vizuri sana akiwa uani, na akiingia sebuleni sauti inakatika. Tulihamisha meza yake hadi kwenye chumba kinachotazama uani, tukaweka rauta dirishani, na yuko nasi hadi leo. Kama tungengoja aanze kazi ndipo tugundue, pengine tungemhesabu kuwa mzembe asiyepokea simu.

Tunatafuta naye pia mahali pa pili pa kukimbilia. Mvua ikianza kwa upepo stima hupotea, na huko vijijini huenda isirudi siku hiyo. Huyu atakwenda saiba ya sokoni, yule kituo cha Ajira Digital kama kipo karibu. Mpango huo wa serikali ulioanzishwa mwaka 2016 umewafundisha vijana wengi kazi za mtandaoni, na baadhi ya waombaji wetu wanatoka huko wakiwa tayari wanajua kutunza nywila na kuandika barua pepe inayoeleweka. Wengine ni wahitimu wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza. Tofauti zao za elimu hazinisumbui sana. Kinachonihangaisha ni kama mtu ana taa, betri ya akiba na mahali pa kukaa bila kusukumwa.

Bando na tokeni za stima hutumwa na mwajiri kabla ya siku ya kwanza. Hili silijadili na mtu yeyote. Kijana ambaye hajapokea mshahara hapaswi kukopa Okoa Jahazi ili ahudhurie mafunzo ya kazi yako. Tuna mwenzetu aliyetoka kampuni moja ambako walitakiwa kununua bando kwa fedha zao, watunze risiti, walipwe mwisho wa mwezi. Aliniambia kwamba kikao kilipozidi saa moja alikuwa akitoka kimyakimya ili asimalize bando, na msimamizi wake akaandika kwamba hana bidii.

Karatasi nazo zishughulikiwe mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kuanzia miezi mitatu uwe wa maandishi, na inampa mwajiri hadi miezi miwili kukabidhi maelezo ya kazi. Sisi tunayatoa kabla ya mtu kuanza, kwa sababu aliye mbali hana dawati la kuegemea na kuuliza, "Ile barua yangu iko wapi?" Tunamsaidia kupata PIN ya KRA kama hana, kujisajili katika mamlaka ya afya ya jamii na NSSF, kisha tunakaa naye kwa simu kumweleza mshahara wake utakatwa nini. Kuna kodi ya mapato, kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, kuna tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, na kuna NSSF. Kwa wengi hii ndiyo kazi yao ya kwanza ya mshahara. Mtu aliyeambiwa shilingi fulani kisha akaona M-PESA imeingiza pungufu, bila maelezo, hudhani ameibiwa, na hatakuuliza. Atawauliza watu wa nyumbani, nao watamwambia hiyo kampuni ni ya matapeli.

Siku ya kwanza tunaonana

Kazi ni ya mbali, lakini siku ya kwanza si ya mbali. Tunakutana Machakos. Mji huo haumo katika kaunti ya Kitui wala ya Makueni, ila njia zinakutania huko: wa Mwingi anapitia Matuu, wa Mutomo anapitia mjini Kitui, wa Kibwezi na Wote wanapanda kutoka upande wa kusini. Nauli inatumwa jana yake, ya kwenda na ya kurudi, pamoja na ya boda boda kwa anayeishi mbali na lami.

Mchana kutwa hatufungui slaidi. Mgeni anaketi na mwenzake, anavaa vipokea sauti, anasikiliza simu halisi na wakulima. Anasikia mzee akilalamika kwamba ushauri wa wiki iliyopita ulichelewa, na anasikia jinsi mwenzake anavyoomba radhi bila kubishana. Anasikia ucheshi, vipindi vya ukimya, salamu ndefu ambazo huwezi kuziruka ukizungumza na mtu mzima wa Ukambani, hata kama mfumo unakuhesabia dakika. Kwa kawaida salamu hizo ndizo huwashangaza zaidi waliozoea huduma kwa wateja za Nairobi.

Mchana tunakula pamoja na ninahakikisha kila mtu amezungumza na kila mtu. Mtu uliyekula naye muthokoi utampigia simu. Jina tupu kwenye orodha ya WhatsApp huwezi.

Mwenyeji

Kila mgeni ana mwenyeji. Mwenyeji si msimamizi wake, na hamwandikii ripoti. Ni mwenzake wa cheo kile kile ambaye amekaa nasi vya kutosha kupitia msimu mzima wa mvua na mavuno. Ninapomchagua siangalii nani ana takwimu nzuri zaidi. Naangalia nani hupigiwa simu na wenzake wakikwama, maana watu tayari wameshamchagua.

Ukambani tuna mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima na kuchimba matuta kwa zamu. Mabwawa mengi ya mchanga kwenye mito ya msimu ya Kitui na Makueni yamejengwa kwa nguvu ya vikundi vya jamii namna hiyo. Anayejiunga na mwethya haoneshwi kipande chake na kuachwa peke yake na jembe. Analima bega kwa bega na waliomtangulia, anashika kasi yao, anaona wanavyopumzika. Mwenyeji wetu anafanya hivyo kwa simu.

Kanuni muhimu kuliko zote ni kwamba mwenyeji ndiye hupiga. Wiki ya kwanza anapiga asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya pili anapunguza. Hatumwachii mgeni mzigo wa kuamua kama swali lake linastahili kumsumbua mtu, kwa sababu kijana aliyelelewa kwa heshima nyumbani kwao ataamua kila mara kwamba halistahili. Ukimwambia "nipigie wakati wowote" umemtupia kazi. Ukimpigia saa sita na nusu kama mlivyokubaliana, swali lake limepata mlango.

Na namna ya kuuliza ina uzito. "Una swali?" hujibiwa "hapana". Wenyeji wetu huuliza, "Leo mkulima amekuuliza nini ukakosa jibu?" Hapo majibu huja, kwa sababu kukosa jibu la mkulima si aibu ya mtu, ni jambo la kazi. Au wanasema, "Shiriki skrini yako, nionyeshe ulivyoingiza ile taarifa ya nzi wa matunda." Kinachoonekana kwenye skrini hakihitaji kukiriwa kwa mdomo.

Mwenyeji hulipwa. Tunampa posho kwa muda wa kumlea mgeni, na tunampunguzia idadi ya wakulima wa kuwapigia. Mahali pengine kazi hii hutolewa kama heshima, kisha mtu anadaiwa hesabu ile ile ya simu kila siku. Atakayeumia ni mgeni, kwa sababu atakuwa akimsikia mwenyeji wake akihema na kuharakisha.

Kazi halisi, mapema

Kufikia siku ya pili au ya tatu mgeni anampigia mkulima wa kweli. Tuna wakulima ambao wametuzoea kwa muda mrefu na wamekubali kupokea simu za wanaojifunza. Baadhi yao ni walimu bora kuliko mimi. Mama mmoja wa Kathonzweni mwenye miembe iliyopandikizwa humhoji mgeni kabla ya kujibu: umeona embe lililotobolewa na nzi likoje ndani? Unajua mtego unatundikwa wapi? Mgeni akitoka kwenye simu hiyo amefahamu nzi wa matunda kwa namna ambayo ukurasa wa mafunzo haungempa. Akiambiwa kwamba wadudu hao ndio waliosababisha Kenya isimamishe yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, anaelewa kwa nini tunamsumbua kuhusu kila takwimu ya mitego.

Upande wa ndengu kuna majina. Mkulima wa Kitui hatakuambia amepanda N26 au KS20. Atasema nailoni au anko. Mgeni asiyejua ataacha nafasi wazi kwenye mfumo au, vibaya zaidi, atabuni. Kikamba chenyewe hakifanani kila mahali, na mtu wa Kilungu akimpigia mzee wa Tseikuru kuna maneno atakayolazimika kuyaomba yarudiwe. Tunawaambia wageni waziwazi kwamba kuomba kurudiwa ni sehemu ya kazi. Wakulima hawachukii. Wanachochukia ni kuandikiwa wasichosema.

Hapa pia ndipo tunapofundisha faragha. Majina, namba za simu na ukubwa wa mashamba ya watu vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kijijini hatari haiko tu kwa wadukuzi wa mbali. Iko kwa shemeji anayechungulia skrini akaona jirani anadai bei gani kwa magunia yake. Kipakatalishi hufungwa kwa nywila hata ukienda kuchota maji tu, na daftari lenye namba za watu haliachwi mezani.

Nyumba nzima inaajiriwa

Jambo ambalo miongozo ya kampuni za ng'ambo hailigusi ni familia. Kijana aliyeketi ndani mchana na vipokea sauti, katika boma la Matinyani au Tawa, huonekana hana kazi. Atatumwa posho mill, ataitwa kufungua ng'ombe, ataachiwa mtoto. Si ubaya wa mtu. Nyumbani kwetu kazi huonekana kwa jembe, kwa kitabu cha mwalimu, kwa gari linalokuja kukuchukua asubuhi.

Kwa hiyo, mgeni akikubali, mimi mwenyewe nampigia mzazi wake, au mumewe, au mama mkwe, yule mwenye sauti katika boma. Nasalimia ipasavyo, najitambulisha, naeleza kwamba mtoto wao au mke wao ameajiriwa, ana mkataba, na kuanzia saa mbili hadi saa kumi yuko kazini kama angekuwa ameenda Wote. Naomba msaada wao. Sijawahi kupokelewa vibaya. Baba mmoja wa Migwani alimjengea binti yake kibanda cha mabati kando ya nyumba, akatia dirisha, akasema sasa ofisi ni hii. Wengine hawana uwezo huo, lakini hata kukubali tu kwamba mlango ukifungwa usigongwe hubadilisha siku ya mtu.

Nasema "mgeni akikubali" kwa makusudi. Wapo ambao hawataki mwajiri azungumze na nyumbani kwao, nao wana sababu zao. Hao tunatafuta meza sokoni.

Msimu

Usimwanzishe mtu kazi Novemba. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo Ukambani hutegemea zaidi, na zikishuka kila mtu yuko shambani, wafanyakazi wetu wakiwemo. Simu za wakulima huwa nyingi kupita kiasi na mwenyeji hana nafasi ya kumlea yeyote. Ndengu zilizopandwa mvua ya kwanza hukomaa kwa takriban miezi miwili, kwa hiyo Januari huja mavuno na maswali ya bei, maembe nayo yakiwa bado yanachumwa. Sisi huajiri Agosti. Mgeni anapata wiki kadhaa za utulivu, anajifunza makosa madogo yakiwa bado madogo, na mvua ikija inamkuta amesimama.

Maandishi na sauti

GitLab, kampuni kubwa ya programu isiyo na ofisi, imeandika sehemu kubwa ya taratibu zake katika kitabu cha mwongozo na kukiweka wazi mtandaoni. Wazo hilo tulilichukua. Mwongozo wetu ni mfupi, kwa Kiswahili chepesi, na kila ukurasa una rekodi ya sauti ya dakika chache iliyotengenezwa na mmoja wetu. Faili za sauti hula bando kidogo kuliko video, na mtu anaweza kuzisikiliza akichuma mboga. Kila swali jipya la mgeni ambalo mwongozo haukulijibu, mgeni mwenyewe ndiye huandika jibu baada ya kulipata. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wao huona mashimo ambayo sisi tumeshazoea kuyaruka.

Kipindi cha majaribio

Sheria inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na kuyaongeza kwa miezi mingine isiyozidi sita mfanyakazi akikubali. Sisi huweka miezi mitatu, na tunazungumza kwa kina mwisho wa kila mwezi, kwa simu ya sauti, si kwa fomu. Namwambia mtu bayana anachofanya vizuri na kinachoniogopesha. Ikifika kumwachisha, notisi isipungue siku saba, na asikilizwe kwanza. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba hata aliye katika majaribio ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa, na mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Kumfungia mtu akaunti Ijumaa jioni, akiwa Kyuso, bila neno, ni ukatili ambao umbali huurahisisha mno. Aliyeko mbele yako ungemtazama usoni.

Katika mazungumzo ya mwezi wa tatu huwa nauliza jambo moja kabla ya yote: ukikwama kesho, utampigia nani? Akitaja jina moja tu, langu, najua bado hajapokelewa. Akitaja watatu, na mmoja wao akiwa mkulima, basi yuko nyumbani.

Haya yote yana gharama. Kuna nauli za Machakos, bando, tokeni, posho ya mwenyeji, na saa zangu za simu na wazazi. Nimeketi na wakuu wa mashirika wanaosema hawana fungu hilo, ilhali wanaajiri upya kila robo mwaka kujaza nafasi zile zile. Kwao na kwako unayesoma ukiwa na nafasi ya kutangaza, ombi langu ni hili: weka fedha hizo kwenye bajeti kabla ya tangazo kutoka. Kama hazipo, ahirisha kuajiri hadi zipatikane, maana kijana wa Ikutha akikubali kazi yako atakuwa ameacha nyingine.